Hotuba ya Kurasa Nne

Kaliua, siku tatu kabla ya mkutano wa Jumamosi,
Bwana Kapela anaingia dukani na daftari la mwanawe,
anavuta stuli. Chapa, nitakulipa jioni.
Mia tano kwa ukurasa. Kurasa nne.
Umeme upo. Nachapa.

"Ndugu zangu" linafungua mlango. Nalijua hili,
nimelichapia vyama vitatu na kwaya mbili.
Kisha "sisi". Kisha "sisi tunaolima",
"jasho letu", "bei yetu", "mizani yetu".
Na hiyo mizani, ukurasa wa kwanza ni chuma cha kupimia tumbaku,
ukurasa wa pili ni haki,
ukurasa wa tatu imeinama upande mmoja, na upande huo
amekaa mpinzani wake.
Neno moja limevuka kurasa tatu bila kulowa.

Nimekulia kwenye bani, kazi hii naijua.
Majani mabichi hayashikani yenyewe.
Unachukua mawili, matatu, mgongo kwa mgongo,
unazungusha kamba kwenye vikonyo,
kulia, kushoto, kulia,
mpaka ufito mzima unakuwa mzigo wa bega moja.
Kamba ikionekana umefunga vibaya, alisema mama.
Ndivyo vilivyo "kwa hiyo", "ndiyo maana", "hayo yote":
vijineno visivyo na bei mnadani,
ila kimoja kikilegea, jani linaangukia bomba la moto
na bani zima linaondoka usiku huo.

Kuna "kwa hiyo" ya ukurasa wa pili, haina sababu:
"Barabara ya Ulyankulu ni mbovu. Kwa hiyo nichagueni mimi."
Nasimamisha vidole, nasoma kwa sauti.
Inapita!
Sikio limeruka pengo kama mbuzi anavyoruka mtaro.

Ukurasa wa nne ndipo penye "hao".
"Hao wanaokula kwa mikono yetu."
Narudi juu kuwatafuta. Ukurasa wa tatu, hawapo.
Wa pili. Wa kwanza, mpaka kwenye ndugu zangu.
Nyayo mbichi, na aliyekanyaga hajapita hapa.

Bwana Kapela, hao ni akina nani?
Anacheka, anajipepea kwa daftari:
We chapa. Watu watajua.

Baba yangu alivuka mwaka wa sabini na mbili
na jembe lisilo na mpini.
Cheti chake cha uraia kimo kwenye bahasha ya kaki, juu ya rimu za karatasi,
nimekitolea nakala mara kumi na moja.
Ntahomvukiye: kila karani hulikata jina letu mahali pake.
Tangu asubuhi nimechapa "sisi" mara ishirini na sita
na kila mara nilikuwemo.
"Hao" ni moja tu.

Kitufe cha kufuta kipo karibu. Sifuti.
Naongeza maneno matatu: hao *makarani wa mizani*.
Na mizani inarudi, ukurasa wa nne unashika mkono wa kwanza,
hotuba ya Kapela inakuwa nzuri
kuliko alivyoiandika.

Jumamosi, spika mbili juu ya pikapu.
Anasoma vizuri, sisi, sisi, vumbi linapigiwa makofi.
Anafika. Anaona. Ananyamaza
kidogo, kama mtu aliyekuta kufuli geni mlangoni kwake.
Anakunja karatasi.
"Hao," anasema, na kwa kidevu
anaonyesha barabara ya Ulyankulu.
Uwanja unamalizia sentensi.

Nyamizi muuza asali, jirani yangu wa miaka tisa,
ananitikisa bega kwa furaha:
Umesikia? Leo ametusemea sisi!
Mkono wake wa moto, unanata.
Nauacha hapo hapo begani.

Jioni Kapela alileta elfu moja na mia tano.
Ukurasa wa nne, alisema,
una makosa.